Ardhi Ikirudishwa, Nani Ataipokea?

Mwulize kijana yeyote aliyezaliwa na kulelewa katika mtaa wa Tena, hapa Eastlands jijini Nairobi, kwamba kwao ni wapi. Hatakutajia Tena. Atakutajia Kaloleni (ile ya Kilifi, si hii jirani yetu ya barabara ya Jogoo), au Mochongoi ya Baringo, au Doldol ya Laikipia, mahali ambapo huenda amelala siku ishirini tu tangu azaliwe. Wenzake wa Umoja na Donholm watajibu vivyo hivyo. Sisi wakazi wa mjini tumelizoea jibu hili hata tunalichukulia kuwa sehemu ya maamkuzi, kama kuulizana habari za mvua. Lakini tangu mwaka 2016 jibu hilo limepata uzito wa kisheria ambao walimu wengi hawajaufundisha, na wanafunzi wengi hawajapata kuusikia.

Mwaka huo Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Jamii. Kwa mujibu wa sheria hiyo, ardhi ya jamii itamilikiwa na jamii yenyewe, mradi iwe imesajiliwa, na mamlaka ya juu kabisa juu ya ardhi hiyo yatakuwa mikononi mwa mkutano wa jamii. Mkutano huo si wa wazee peke yao, wala si wa wanaume peke yao, wala si wa wanaoishi kijijini peke yao. Ni wa watu wazima wote wa jamii. Jamii yenyewe ndiyo inayoandika daftari la watu wake, na sheria haisemi popote kwamba anayepanga chumba Tena ameacha kuwa mwanajamii wa Mochongoi. Kwa hiyo yule kijana aliyetutajia kwao, akiisha kutimiza miaka 18, ana kiti katika mkutano huo. Kiti hicho kikikaa kitupu, ardhi yao inaweza kukosa mwenyewe mbele ya sheria.

Hapana shaka wako watakaoshangaa. Tumezoea kudhani kwamba ardhi ya mababu hupotea kwa sababu ya dhuluma, na hurudi kwa sababu ya hukumu ya mahakama. La kwanza ni kweli tupu. La pili ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo ninayotaka tuitazame leo. Ardhi ikirudishwa, lazima awepo wa kuipokea: mtu, au kundi la watu, lenye jina katika sheria, lenye daftari na kamati, na lenye uwezo wa kusema ndiyo au la kwa sauti inayohesabika.

Walimu wa Nairobi hawahitaji kufundishwa jambo hili kutoka mbali. Tarehe 19 Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road waliorudi kutoka likizoni waliukuta uwanja wao wa michezo umezungushiwa ukuta. Walipousukuma ukuta huo, polisi waliwarushia watoto hao gesi ya kutoa machozi, na picha zao zikaenea duniani kote. Ndipo nchi ilipoanza kuulizana ni shule ngapi za umma zisizo na hatimiliki ya viwanja vyao. Uwanja ule ulikuwa na wenyewe, yaani umma, na kila mtoto alijua kuwa ni uwanja wa shule. Kilichokosekana ni karatasi na mtu wa kuisimamia. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Sasa tuondoke mjini twende Baringo, kwenye Ziwa Bogoria, kwa maana huko ndiko kuna kisa kinachotufaa kuliko vyote.

Waendorois ni wafugaji waliokaa kando ya ziwa hilo kwa vizazi vingi. Ng'ombe wao walilamba chumvi ya pale, wafu wao walizikwa pale, na kwa imani yao roho za waliotangulia, popote walipozikwa, zimo ziwani. Msitu wa Mochongoi ulio juu yake ulikuwa malisho na matambiko pia. Wakoloni walilipa ziwa jina la Hannington, askofu Mwingereza aliyeuawa Busoga mwaka 1885, na kwa jina hilo hilo serikali ya Kenya huru ililitangaza kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1973. Mwaka uliofuata jina likarekebishwa likawa Bogoria. Wenyewe walikuwa wamekwisha kuambiwa wahame.

Waliahidiwa mengi. Familia 400 zilikuwa zipewe ardhi nyingine yenye rutuba. Jamii ilikuwa ipate robo ya mapato ya watalii, na asilimia 85 ya kazi zitakazozaliwa na hifadhi hiyo. Ilipofika mwaka 1986, yaani miaka 13 baadaye, familia 170 kati ya zile 400 zilipewa takribani shilingi 3,150 kila moja. Msomaji apige hesabu mwenyewe ni mbuzi wangapi waliopatikana kwa fedha hizo. Hesabu ya kizazi kizima kilicholelewa kwenye nyanda kavu, mifugo ikifa na maji ya chumvi yakionekana kwa mbali, haipigwi kwa mbuzi.

Walinyang'anywaje kirahisi hivyo? Jawabu limo katika maneno mawili ya sheria ya zamani: ardhi ya amana. Ardhi ya jamii nyingi za Kenya ilishikwa na mabaraza ya wilaya "kwa amana" ya wakazi wake. Katika Kiswahili chetu amana ni kitu unachomwekea mwenzio, naye akirudi akikute. Katika sheria ile mwekewa aliweza kukitoa kwa mtu wa tatu, na mwenye mali akaambiwa haki yake imekwisha. Waendorois walipokwenda Mahakama Kuu ya Nakuru, walishindwa mwaka 2002. Mahakama haikuitambua haki ya jamii nzima kama jamii juu ya ardhi ile. Mtu mmoja mmoja angaliweza kudai shamba lake, ila jamii ilikuwa kama mtu asiyekuwapo chumbani.

Hawakunyamaza. Mwaka 2003 walipeleka shauri lao mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kule Banjul nchini Gambia, wakisaidiwa na mashirika mawili ya kutetea haki za watu wachache. Uamuzi ukatolewa Novemba 2009, na Umoja wa Afrika ukauidhinisha mapema mwaka 2010. Serikali ya Kenya ilikutwa imevunja haki zao za dini, mali, utamaduni, maliasili na maendeleo. Hii ya mwisho ilikuwa ajabu kwa wanasheria, kwa kuwa Tume haikuwa imepata kuitumia hivyo kabla ya hapo. Serikali iliagizwa itambue umiliki wa Waendorois na iwarudishie ardhi ya mababu, iwaachie njia ya kwenda ziwani kwa ibada na malisho, iwalipe fidia na mrabaha, na iwape nafasi za kazi.

Katikati ya maagizo hayo mazito kuna agizo moja dogo ambalo watu hulipita bila kulitazama. Serikali iliambiwa ikubali kuisajili kamati ya ustawi ya Waendorois. Usajili tu! Hebu tutafakari. Jamii ilikuwa imesafiri kutoka Nakuru hadi Banjul, imeishinda dola, na bado chombo chake cha kuipokea ile ardhi kilikuwa kinahitaji ruhusa ya kuwa na jina. Ninaamini agizo hilo dogo lilikuwa ufunguo wa mengine yote.

Yaliyofuata yanathibitisha. Mwaka 2011 UNESCO iliandika Ziwa Bogoria, pamoja na Nakuru na Elementaita, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Waendorois walilalamika kwamba hawakushauriwa, na Tume ya Afrika ikawaunga mkono. Mei 2014, huko Kabarnet, viongozi wao walitia sahihi tamko la ushirikiano na serikali ya kaunti na Shirika la Wanyamapori, na kwa mara ya kwanza wakahesabiwa miongoni mwa wasimamizi. Septemba mwaka huo serikali kuu ikaunda jopo la kuuchunguza uamuzi wa Banjul. Orodha ya wajumbe ilipochapishwa, Waendorois hawakuwamo. Zaidi ya miaka 15 imepita tangu ushindi ule, na ardhi haijarudi kwa hati. Wako wazee waliotoa ushahidi wao ambao sasa wamo miongoni mwa wale wanaoaminika kuwa ziwani.

Kuna kikwazo kingine cha kisheria ambacho wanafunzi wa sheria wangefanya vyema kukichungua. Katiba ya 2010 inahesabu hifadhi za wanyama kuwa ardhi ya umma, hali ile ile Katiba, katika kifungu cha 63, inahesabu ardhi ya mababu kuwa ardhi ya jamii. Ziwa Bogoria limo katika mafungu yote mawili. Mwenye kuchagua fungu ni yule mwenye nguvu ya kuchagua.

Ili tuone kwamba jambo hili linaweza kupangwa kwa namna nyingine, na tetukatuke hadi Australia. Wenyeji asilia wa bara lile, Waaborijini, walinyang'anywa ardhi yao na wakoloni kwa hoja kwamba haikuwa ya mtu. Agosti 1966 wafugaji wa kabila la Gurindji, wakiongozwa na Vincent Lingiari, waliacha kazi katika ranchi ya Wave Hill iliyomilikiwa na kampuni ya bwanyenye wa Kiingereza. Watu walidhani ni mgomo wa mishahara, kumbe walitaka ardhi yao. Walikaa kando ya mto miaka tisa, mpaka Agosti 1975 Waziri Mkuu Gough Whitlam alipokwenda huko akammiminia Lingiari mchanga kiganjani. Picha hiyo imo katika vitabu vya shule vya nchi yao. Hati kamili ilikuja mwaka 1986 tu, baada ya miaka mingine 11. Mchanga wa kiganjani na hatimiliki ni vitu viwili, na kati yake kuna safari.

Mwaka 1992 mahakama ya juu ya Australia, katika shauri la Mabo, iliitupa ile hoja ya ardhi isiyo na mtu, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya haki za wenyeji. Sheria hiyo ina jambo moja ambalo ningependa tuliazime. Mahakama ikiisha kutamka kwamba ardhi fulani ni ya jamii fulani, ni sharti jamii hiyo iwe na shirika lake lililosajiliwa, litakaloishika haki hiyo au kuisimamia kwa niaba ya wote. Swali la "nani ataipokea?" linaulizwa palepale penye hukumu, wala haliachwi likaulizwa baadaye na waziri asiyetaka jibu. Mashirika hayo yana daftari la wanachama, mkutano wa kila mwaka na hesabu zinazokaguliwa. Wanachama wake wengine wanaishi mbali sana na ardhi yao, mijini, kama sisi.

Nisieleweke kwamba huko ni peponi. Mwamba mwekundu wa Uluru ulikabidhiwa Waanangu mnamo Oktoba 1985, lakini kwa sharti kwamba waikodishie serikali palepale kwa miaka 99 iwe mbuga ya taifa. Wanao wingi katika bodi ya mbuga, na hata hivyo iliwachukua miaka 34 kuwazuia watalii wasiukwee mwamba ambao kwao ni mahali pa ibada. Ulifungwa Oktoba 2019. Na Mei 2020 kampuni ya madini ya Rio Tinto ililipua mapango ya Juukan, mahali palipokaliwa na binadamu tangu miaka 46,000 iliyopita. Mapango hayo yalikuwa katika ardhi ya Waputu Kunti Kurrama na Wapinikura, watu waliokwisha kutambuliwa na mahakama na wenye shirika lao. Kampuni ilikuwa na kibali cha serikali ya jimbo, na shirika la wenyeji halikuwa na nguvu ya kisheria ya kukizuia. Wakubwa wa kampuni walijiuzulu. Mapango hayakurudi. Kumbe shirika peke yake halitoshi. Lazima liwe na uwezo wa kukataa.

Hapa ndipo sheria yetu ya 2016, kwa maandishi, inapoipita ya Australia. Jamii yoyote ikitaka kuuza au kuitoa ardhi yake, ni lazima theluthi mbili ya wanachama waliosajiliwa wakubali. Mwekezaji akija na mkataba wake, ni lazima aukabili mkutano wa jamii, na theluthi mbili waukubali. Kamati ya usimamizi, yenye watu 7 hadi 15, inachaguliwa na mkutano huo na inawajibika kwake. Katika Laikipia, jamii ya Il Ngwesi ni miongoni mwa za kwanza kupata hati chini ya sheria hii. Hao ni Wamaasai waliojenga nyumba yao wenyewe ya kupokea watalii mwaka 1996 katika ardhi yao ya pamoja, na mwaka 2002 wakatunukiwa tuzo ya Umoja wa Mataifa kwa kuhifadhi mazingira.

Masharti haya makali hayakutungwa kwa kupenda ukali. Yalitokana na maumivu ya sheria ya 1968 iliyoanzisha ranchi za vikundi. Chini ya sheria ile wawakilishi wachache waliandikwa kuwa wenye ardhi kwa niaba ya wenzao. Huko Kajiado ranchi nyingi ziligawanywa vipande, vipande vikauzwa, na leo mtu hupita Kitengela akaona nyua za mawe mahali ambapo nyumbu walikuwa wakipita. Wako waliopata, na wako walioamka wakaambiwa kwamba jina lao halimo.

Basi tuyarudie yale ya theluthi mbili, maana ndipo Tena inapoingia. Sheria inasema kwamba akidi ya mkutano wa jamii ni theluthi mbili ya wanachama. Tuseme jamii ina watu wazima 900. Ili mkutano uwe halali, lazima wahudhurie 600. Tuseme tena kwamba 350 kati yao wako Nairobi, Nakuru na Mombasa, wakifundisha, wakisoma, wakiuza nguo, wakiendesha matatu. Kijijini watabaki 550. Hata wakija wote, pamoja na wagonjwa wa kubebwa na wachungaji walioacha mbuzi porini, akidi haitimii. Hii ni hesabu ambayo mwanafunzi wa darasa la saba angeweza kuifanya ubaoni. Asiyekuwapo na lake halipo, wasema wazee. Katika sheria hii ni zaidi ya hivyo, kwa sababu asiyekuwapo anawafanya hata waliokuwapo wasiwepo.

Na mkutano usipofanyika? Jamii haichagui kamati, haipitishi katiba yake, haisajiliwi. Ardhi isiyosajiliwa inabaki mikononi mwa serikali ya kaunti, kwa amana. Neno ni lile lile tulilokutana nalo Bogoria. Kweli, safari hii sheria inaikataza kaunti kuiuza ardhi hiyo au kuigeuza kuwa mali ya mtu binafsi. Lakini barabara kuu ikipita au bwawa likichimbwa, fidia nayo hushikwa na kaunti hadi jamii isajiliwe. Kila mwenye kumbukumbu ya yale yaliyotendwa na mabaraza ya wilaya anaweza kuelewa kwa nini wazee wengine hawalali usingizi.

Wapo wanaopendekeza akidi ishushwe ifike nusu, au hata robo, ili kazi iende. Siungi mkono rai hiyo. Nakubali kwamba sharti ni zito, na kwamba jamii za wafugaji wanaohamahama zinateswa nalo kuliko nyingine. Lakini ukuta ule ndio peke yake unaotutenga na ugonjwa wa ranchi za vikundi. Ukiushusha kwa ajili ya watu wema, umeushusha kwa ajili ya wote. Ningeona afadhali mkutano ufuate kalenda ya waliohama. Uitishwe Agosti au Desemba, shule zikiwa zimefungwa, wakati walimu na wanafunzi wanaposafiri hata hivyo, na nauli ya matatu ikiwa imekwisha kutengwa katika bajeti ya nyumba. Mikutano ya namna hii huitishwa siku yoyote ya wiki inayomfaa ofisa wa ardhi, kisha watu wakalaumiwa kwa kutofika.

Hayo ni ya ardhi. Ya urithi wa utamaduni ni magumu zaidi, kwa kuwa hayana hesabu ya theluthi mbili. Tuwatazame Wamijikenda wa pwani. Misitu yao ya kaya ni mabaki ya vijiji vyao vya kale vilivyozungukwa na miti, navyo viliachwa na wakazi wake kufikia miaka ya 1940, vikabaki mahali pa makaburi, viapo na maombi ya mvua. Serikali ilianza kuitangaza kuwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992. Mwaka 2008 misitu 11 kati yake iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka uliofuata, 2009, mila zinazoilinda misitu hiyo ziliandikwa katika orodha nyingine ya UNESCO, ile ya urithi unaohitaji kuokolewa upesi. Tazama ajabu hiyo: miti ikasifiwa, na palepale kengele ya hatari ikapigwa juu ya watu wanaoijua. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni upungufu wa ardhi na watu kuhamia mijini.

Mlinzi wa kaya ni kambi, yaani baraza la wazee. Kambi inajua mti gani haukatwi, njia gani haipitwi na mwenye viatu, na kosa gani hulipiwa kwa mnyama wa rangi gani. Huko Kaya Kinondo, kusini mwa Diani, wazee wamekubali wageni waingie kwa utaratibu wao, mgeni akajifunga kaniki nyeusi na kuongozwa na mwenyeji, na mapato yakasaidia jamii. Ni kazi nzuri. Ila cheo cha mzee wa kambi hakipatikani kwa cheti. Hupatikana kwa kukaa karibu na wazee kwa miaka, na hakuna mwanafunzi wa Eastlands awezaye kukipata kwa likizo za Desemba. Hapa sheria haitusaidii, na sitajifanya ninalo jibu lake.

Vigango vinatufundisha jambo la namna hiyo hiyo kwa uchungu zaidi. Hizo ni nguzo za mbao zilizochongwa ambazo Wagiriama na ndugu zao huzisimamisha kwa ajili ya wazee marehemu wa chama cha Gohu. Kigango hakihamishwi. Watu wakihama, chenyewe hubaki pale kikaoza na ardhi ile. Mwaka 1985 Monica Udvardy, mtafiti wa Kimarekani, alimpiga picha mzee mmoja karibu na Kaloleni akiwa kando ya vigango viwili vya nduguze. Baada ya muda mfupi vikaibiwa. Miaka mingi baadaye viligunduliwa Marekani, kimoja katika makumbusho ya jimbo la Illinois, cha pili katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton. Mwaka 2007 vilirejeshwa kwa familia, lakini yule mzee hakuwa hai tena kuviona.

Vilirudi kwa sababu palikuwa na picha, jina na kijiji. Mwaka 2014 Makumbusho ya Denver yalikubali kuachilia vigango 30 vilivyokuwa katika hazina yake, jambo la kupongezwa kabisa. Lakini vilikuwa vimepita katika mikono mingi ya wafanyabiashara, na hakuna aliyeandika vilikong'olewa kijiji gani. Makumbusho ya Taifa yanaweza kuvipokea kwa niaba ya nchi. Familia ya marehemu haiwezi, kwa sababu haijulikani ni ipi. Tukiri pia lile tusilopenda kulisema, kwamba mkono wa kwanza kuving'oa mara nyingi ulikuwa wa kijana wa kijiji kile kile, aliyeuza mchongo wa babu ya jirani kwa fedha kidogo kwa mfanyabiashara aliyemfuata mtalii. Yule kijana alikuwa amesoma. Hakuna aliyemfundisha kile kilikuwa nini.

Mtu ataniuliza walimu wa Tena wafanye nini, wao ambao darasani mwao wamo watoto wa jamii 20. Sipendekezi somo jipya; mzigo uliopo unatosha. Mwalimu wa hesabu anaweza kuutumia ule mfano wa akidi. Mwalimu wa historia anaweza kuiweka Banjul kando ya Lancaster House. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuwatuma wanafunzi wakamwulize mzazi maswali machache na kuyaandika insha: Ardhi ya kwenu ni ya mtu binafsi, ya umma, au ya jamii? Kama ni ya jamii, imesajiliwa? Nani wako katika kamati? Mkutano wa mwisho ulifanyika lini? Wengi watagundua kwamba mzazi naye hajui, na hapo simu itapigwa nyumbani.

Swali moja zaidi liulizwe, hasa na wasichana. Katika jamii nyingi daftari la ukoo liliandikwa kwa majina ya wanaume. Sheria ya 2016 inakataza kumbagua mwanamke, mzee, kijana au mlemavu katika ardhi ya jamii, na inampa uanachama mtu aliyeolewa au kuoa katika jamii ile. Lakini daftari huandikwa na watu, na watu wana mazoea. Msichana anayemaliza shule ya upili hapa Tena atachukua kitambulisho chake cha taifa akitimiza miaka 18, na katika fomu atajaza wilaya, tarafa na lokesheni ya wazazi wake. Kitambulisho hicho hicho ndicho atakachokibeba Desemba kwenda kwa karani wa kamati ya ardhi, aombe daftari lifunguliwe, na asome kama jina lake limeandikwa pamoja na la kaka yake.